Alimbakiza Nasra, Akanitoa Mimi

Nilipofika Garissa shangazi yangu Khadija alikuwa ameshazikwa, na binti yake Nasra ndiye aliyemwosha. Habari hiyo niliipata kabla hata sijavua viatu. Mama mmoja jirani, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango, alinishika mkono akaniambia, "Mungu amrehemu. Nasra alimwosha mwenyewe, kwa maji ya vuguvugu, taratibu, kama mtu anayemwosha mtoto mchanga." Badala ya kulia, nikaona wivu. Uchungu ulikuja baadaye. Kilichotangulia kilikuwa wivu, ule ule niliousafirisha nikiwa msichana na sasa nimerudi nao nikiwa mama wa watoto wakubwa. Kwa maisha yangu yote ya utu uzima nimefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Bergen, kule Norway, kwenye mvua isiyojua kuisha. Nimeosha migongo ya mama za watu. Najua namna ya kumgeuza mzee asiumie, namna ya kumkausha katikati ya vidole, namna ya kumwimbia asiyekumbuka hata jina lake. Na mgongo mmoja ambao ulikuwa haki yangu kuuosha, ameuosha Nasra.

Chumba kilikuwa kimejaa wanawake, na wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wakisoma na kunong'ona. Kila mwanamke aliyeingia alimwendea Nasra kwanza, akamshika mikono yote miwili na kumwombea subira. Wakishafika kwangu walisema, "Karibu sana, Maryan. Safari ilikuwaje? Huko ni baridi kweli?" Mgeni hapewi pole, mgeni huulizwa safari. Nilijibu kwamba safari ilikuwa nzuri. Nasra alikuwa ameketi pale pale mama yake alipozoea kuketi, ameegemea ukuta, mguu mmoja ameukunja na mwingine ameunyoosha kwa sababu ya goti linalomuuma. Mwili umemjaa, nyusi zimeanza mvi, na sauti yake imekuwa ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Nilimtazama nikakumbuka mwaka mmoja tu, ule tulioishi pamoja katika nyumba hii, mwaka ambao mimi nilitoka na yeye akabaki.

Tulikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, tumemaliza kidato cha nne, tunangoja matokeo. Nilikuwa nimetoka kwetu Modogashe kuja kukaa kwa shangazi, na nyumba yake wakati ule ilikuwa vyumba viwili vya matofali vyenye paa la mabati, na jiko la fito nje lililojaa moshi. Chumba cha mbele kilikuwa cha wageni na cha biashara pia. Humo yalipangwa madumu ya manjano ya maziwa ya ngamia yaliyoletwa asubuhi na malori. Ndani ya madumu hayo kulikuwa na harufu ya kuni za kuyafukizia, na harufu hiyo iliingia katika mashuka, katika nywele zetu, hata katika wali. Chumba cha nyuma kilikuwa na kitanda kimoja kipana cha shangazi, na mkeka wetu mimi na Nasra sakafuni kando yake. Asubuhi tulikula anjera, zile chapati laini za Kisomali, na chai ya maziwa yenye iliki. Mchana wali au tambi. Na siku ambayo biashara ilikuwa nzuri, shangazi alitoa nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa ndani ya samli, akatugawia kwa kijiko kama dawa. Nilikuwa natazama kijiko. Naapa mpaka leo kwamba kijiko cha Nasra kilikuwa kikijaa zaidi.

Shangazi alikuwa mjane, mwembamba, mwenye maneno machache na kicheko cha ghafla. Wateja wake wa Kisomali alizungumza nao Kisomali. Lakini walimu, makarani na askari waliohamishiwa kwetu kutoka bara aliwauzia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mwalimu, onja bole bole," angesema, akimpa mtu kifuniko chenye maziwa. "Hii maziwa haina maji. Haki ya Mungu. Ukibata tumbo, rudi hapa, mimi nalala na wewe kwa mahakama." Sisi wasichana wa shule tulikuwa tunajificha nyuma ya pazia tukicheka hizo b zake badala ya p, na huko kulala mahakamani, mpaka machozi yatutoke. Kiswahili ndicho kitu pekee nilichomshinda Nasra masomoni, na labda ndiyo sababu ninayaandika haya kwa lugha hii, wala si kwa ile niliyozungumza na shangazi.

Katika lugha ile ya nyumbani kuna desturi moja iliyonitesa mwaka mzima. Kwetu mkubwa na mdogo huitana kwa neno moja. Mama akimwita mwanawe humwita hoyo, yaani mama, naye mtoto humwita yeye hoyo vilevile. Shangazi wa upande wa baba humwita mtoto wa kaka yake edo, na mtoto humwita edo. Ni desturi nzuri, na mgeni akiisikia huona ni upendo mtupu. Lakini mimi nililala kando ya kitanda kile nikisikia, "Hoyo, umefunga mlango?" kisha, "Edo, umezima taa?" Mlango na taa ni kazi moja. Neno halikuwa moja. Nilijifariji kwa jambo la ukoo. Ukoo kwetu hufuata baba, kwa hiyo mimi, binti wa kaka yake, nilikuwa wa ukoo mmoja na shangazi, damu na jina. Nasra alikuwa wa ukoo wa marehemu baba yake. Kwa hesabu ya wazee, Nasra alikuwa mtoto wa watu wengine aliyelala katika nyumba yetu. Niliwahi kumwambia hivyo tulipogombania mto wa kulalia. Alinitazama akasema, "Basi uambie huo ukoo ukuletee mto."

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Watu wa nje huwa hawaamini nikiwaeleza siasa za kwetu. Wanadhani mgombea hutangaza nia, akabandika picha, akaomba kura. Kwetu kura ilikuwa imekwisha kabla ya kupigwa. Wazee wa ukoo walikaa, wakanywa chai, wakahesabu nani alipata kipindi kilichopita na nani sasa ni zamu yake, kisha wakatoka na jina. Na jina likitoka, mtu na mke wake na ndugu zake walikwenda kulipigia. Nchi yenyewe tulikuwa tunaiangalia kwa mbali. Mtu akisafiri kwenda Nairobi tulisema amekwenda Kenya. Kadi ya kitambulisho tuliyobeba haikutosha. Msomali alitakiwa awe na kadi ya pili ya kuthibitisha ile ya kwanza. Katika hali hiyo ukoo ndio uliokuwa serikali iliyokujua kwa jina. Na mwaka ule, shangazi Khadija, muuza maziwa, alipeleka ujumbe kwa wazee kwamba anataka udiwani.

Walikuja kumjibu nyumbani kwake, na hiyo ilikuwa heshima. Walikuwa wanane au tisa, mbele yao Mzee Dekow mwenye ndevu za hina. Walikaa uani kwenye mikeka, na shangazi, kwa kuwa jambo lilimhusu, akabaki ndani. Sisi tulikuwa jikoni tunapika chai. Jiko la fito halizuii sauti; nilisikia kila neno.

"Khadija ni dada yetu," Mzee Dekow alisema. "Hakuna asiyejua kazi yake. Wakati wa ukame alilisha nyumba ngapi? Lakini mwanamke ni wa watu wawili. Kiti ukimpa leo, kesho mtoto wake anakibeba kukipeleka kwa baba yake. Tutakuwa tumewapa wale kiti chetu bure."

Wengine wakaitikia. Mmoja alisema kwamba dunia inabadilika. Mwingine akamuuliza inabadilika kuelekea wapi. Nilikuwa namimina chai na kuimwaga nje ya kikombe, kwa maana kwa hoja ile ile ya ukoo niliyomrushia Nasra, shangazi yangu alikuwa ananyimwa. Na bado, lazima niseme kweli, sehemu yangu ilifurahi kusikia wazee wakithibitisha kwamba Nasra ni wa watu wengine. Nasra akachukua chupa ya chai na vikombe akatoka. Nilimwona kupitia upenyo wa fito. Alimimina kikombe cha Mzee Dekow, akakiweka mbele yake, kisha badala ya kuondoka akasimama.

"Adeer," alisema, kwa neno la heshima ambalo kila mtoto humwita mzee, "maziwa haya yaliyo kwenye chai, mbona hamkuuliza ni ya ukoo gani?"

Mzee mmoja aliyekaa nyuma akapasuka kicheko, akajizuia kwa mkono. Mzee Dekow alikiangalia kikombe, akamwangalia msichana, akanywa. "Huyu ana ulimi," alisema. "Angekuwa mvulana, na wa kwetu, tungempa yeye." Uamuzi haukubadilika. Udiwani ulikwenda kwa mtu mwenye malori. Shangazi alitoka ndani, akawasalimu wote kwa majina, akawapakulia nyirinyiri yake ya akiba na kuwaambia wale. Walikula wote, na walipoondoka aliingia chumbani, akakaa kitandani, akasema, "Hoyo, njoo." Nasra akaenda akakaa miguuni pake, na shangazi akaanza kumsuka nywele upya, bila neno, akizivuta kwa nguvu mpaka Nasra akawa anakunja uso. Mimi nilikuwa mlangoni na vikombe vichafu. Nilikuwa nimesikia hoja ile ile, nilikuwa nimeshika chai ile ile, na swali lile lingeweza kuwa langu. Lakini halikunijia. Watu wengi wanaona wivu juu ya uzuri au mume. Mimi nilimwonea Nasra wivu kwa sentensi moja.

Miezi michache baadaye akaja Mama Habiba. Alikuwa ametoka Norway, amevaa koti juu ya baibui katika joto la Garissa, na alikuwa anamtafutia mke mwanawe Abdi, dereva wa basi. Alileta picha: kijana mwenye masharubu membamba amesimama katika theluji, mikono mfukoni, anacheka. Tulimpikia. Tulimletea maji ya kunawa, mimi upande huu, Nasra upande ule, na alitukagua kama mtu anunuaye kitambaa, anayekishika kisha anakiachia. Baada ya chakula tuliambiwa tutoke. Mimi nilitoka mpaka nyuma ya pazia.

"Nimempenda yule mrefu," Mama Habiba alisema. Mrefu alikuwa Nasra.

Shangazi alizipanga sahani zote moja juu ya nyingine. Kisha akasema, "Huyo si wa kutoka. Chukua Maryan."

Chukua Maryan. Siku ile maneno hayo yalinipandisha juu. Nilichosikia kilikuwa ndege, theluji, basi la Abdi, na jina langu likitajwa na la Nasra likikataliwa. Baba yangu aliletwa kutoka Modogashe, akakubali mara moja. Ndoa ilifungwa katika ua ule ule. Wanawake walipiga ngoma na kughani mashairi ya kunisifu, na mmoja akaniita nyota inayohamia kaskazini. Nasra alicheza, kwa sababu ni lazima binamu acheze, lakini macho yake yalikuwa mekundu na kwa wiki nzima hakuwa amezungumza na mama yake. Nilijua anaumia kwamba si yeye anayekwenda. Nililala usingizi mtamu. Kwa mara ya kwanza mizani ilikuwa imeinamia kwangu, na nilipanda gari la Nairobi nikiwa nimenyoosha shingo, bila hata kumtazama shangazi vizuri, na sasa siwezi kukumbuka alivaa shungi la rangi gani.

Maana ya maneno yale ya shangazi ilinijia Bergen, mwaka wa kwanza, nikiosha sahani dirishani huku mvua inanyesha. Mtu akiwa na vitu viwili akaombwa kimoja, hutoa kipi? Hutoa kile anachoweza kukikosa. Sikumwambia Abdi, ambaye alikuwa, na bado ni, mtu mwema. Sikumwambia mtu. Nilianza tu kuhesabu. Nikipiga simu, shangazi alisema, "Nasra amejenga chumba cha tatu." "Nasra amenipeleka hospitali, goti limepona." "Nasra amewapatanisha watu waliogombania kisima." Kisha serikali za kaunti zikaja, na Nasra akaingia bunge la kaunti. Alisimama mbele ya wazee, baadhi yao watoto wa wale wale, akawaambia kwamba yeye ni wa watu wawili, na kwa hiyo ana kura za watu wawili. Ukoo wa baba yake na ukoo wa mama yake, wangu mimi, zikampigia kura. Kule Bergen nami nilikuwa napiga kura za mji, katika ukumbi wa michezo wa shule, nyuma ya kitambaa, peke yangu. Mara ya kwanza nililia kwa furaha kwamba hakuna mzee aliyeniambia nani wa kumchagua. Mara ya tatu nilitambua kwamba hakuna pia aliyetaka kujua nimemchagua nani. Siwatetei wazee, nilisikia kwa masikio yangu walivyomfanyia shangazi. Ila kuna siku unamwonea wivu hata mtu ambaye kura yake inagombaniwa na watu tisa wanaokunywa chai yake.

Kurudi, sikurudi. Kwanza karatasi zilikuwa hazijakamilika, halafu watoto wakazaliwa, halafu barabara zikawa na hatari, halafu Abdi akaugua moyo. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Shangazi hakuwahi kunilaumu. Kila simu ilimalizika kwa neno moja: "Edo, nakungoja." Nilidhani ni adabu tu, vile watu wanavyosema wakimaliza simu.

Siku ya pili ya kukaa kwangu matangani, baada ya sala ya alasiri, wanawake walipungua na mimi na Nasra tukabaki chumba cha nyuma. Kitanda kimebadilishwa, lakini dirisha ni lile. Alikuwa anakunja nguo za mama yake za kugawa. Nikachukua upande mmoja wa shuka, yeye upande mwingine, tukakunja pamoja kama zamani, na nilipomfikia mikononi nikauliza.

"Nasra, Mama Habiba alikutaka wewe. Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona mama yako alinitoa mimi?"

Hakushangaa. Alichukua shuka kutoka kwangu, akaliweka juu ya mengine, akakaa kitandani kwa sababu ya goti. "Hilo ndilo nililomuuliza usiku ule uani, wewe umelala," alisema. "Nililia mpaka nikapoteza sauti. Nilitaka kwenda, Maryan. We hujui nilivyotaka. Nilikuwa nimekwisha kuona theluji katika ndoto. Nilimwambia, huyo si mwanao, mimi ndiye mwanao, mbona unampa yeye dunia?"

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Hoyo, wewe unajua kukata. Ukitoka leo, hutageuka. Nitakuwa nimekuzaa kwa ajili ya watu wa huko. Maryan hajui kukata. Maryan hata akienda mwisho wa dunia atarudi.'" Nasra alinyoosha mguu wake, akausugua. "Nimeishi naye miaka yote hiyo, nimempikia, nimembeba mpaka chooni, nimemwosha maiti. Na kila jioni alikuwa anaketi hapo mlangoni akikungoja wewe. Mimi alinifungia ndani kwa sababu hakuniamini. Wewe alikuachia kwa sababu alikuamini. Unadhani ni nani kati yetu aliyeliwa na wivu?"

Nilikuwa nimelibeba jambo lile miaka mingi nikiwa nimelishika kinyume, na hata nilipogeuziwa upande wake wa kweli halikuwa jepesi. Kupendwa namna ile nilikuwa nimekupata, na nilikuwa nimekuacha mlangoni kukiningoja mpaka kukafa.

"Sikurudi," nikasema.

"Hukurudi," akasema Nasra. Hakulisema kwa chuki. Alilisema kama mtu anayethibitisha jina.

Nilingoja aongeze kwamba sasa nimerudi. Niliitaka sentensi hiyo kuliko nilivyowahi kutaka chochote kutoka kwake, na yeye, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alikuwa nayo mdomoni, nilimwona akiipima. Kisha kijukuu cha jirani kikaja mlangoni kusema wazee wa koo zote mbili wamefika, wanamwomba atoke. Nasra akashika ukingo wa kitanda, akainuka, akajitanda shungi lake jeusi, akatoka. Nikamsikia akiwasalimu mmoja mmoja kwa majina, kisha nikawasikia wao, wote, wakinyamaza ili azungumze. Mimi nilibaki chumbani na nguo. Nikachukua baibui moja la shangazi lililokuwa juu ya rundo, nikalikunja, likaja vibaya, nikalikunjua, nikaanza upya.